Mwongozo kamili: wiki moja na daftari moja, jinsi ya kukamata habari zikikupangia mawazo

Ukimuuliza mtu yeyote kama vyombo vya habari vinabadilisha mawazo ya watu atakwambia ndiyo, tena sana, watu wanalishwa ujinga kila siku. Haya, muulize na wewe je, vinakubadilisha? Hapo anacheka, mimi bwana huwa nachuja. Mwanasosholojia mmoja wa Marekani, W. Phillips Davison, aliliandika hili mwaka 1983, kwamba mtu huamini habari zina nguvu kwa wengine kuliko zilivyo na nguvu kwake yeye, na tangu hapo watafiti wamelipima mara nyingi na linajirudia. Sasa kama kila mtu yuko nje, ndani yupo nani?

Ndo maana mwongozo huu ni wa kujipima mwenyewe, sio wa kunyooshea watu vidole. Vifaa ni daftari na kalamu (simu nayo inafaa ila najua utaishia kuskroli), dakika kama 20 kwa siku, siku saba. Sitakufundisha kuchukia waandishi wa habari maana wengi wanafanya kazi ngumu kwa malipo ya ajabu, na wala sikuambii uache kufuatilia habari, kwa sababu asiyefuatilia kabisa naye anazipata tu, ila anazipata kwa mkono wa pili, zimeshapakwa rangi na aliyemsimulia. Ninachotaka ukione kwa macho yako ni kwamba nguvu kubwa ya vyombo vya habari mara nyingi haiko kwenye uongo, iko kwenye kuchagua: kipi kiwekwe mbele yako, kwa maneno gani, na ukishamaliza kusoma uondoke ukidhani wenzako wanafikiria nini.

Hatua ya kwanza: andika misimamo yako kabla hujagusa habari yoyote

Siku ya kwanza asubuhi, kabla ya simu, andika matatizo matano unayoona ndo makubwa zaidi kwenye jamii yako, kwa mpangilio, na pembeni ya kila moja andika umelijuaje. Hapo pembeni ndo penye kazi. Uliona mwenyewe? Alikusimulia mtu aliyeona? Au ni ile "inajulikana tu"? Mimi nilipofanya mara ya kwanza, kati ya matano ni moja tu nililokuwa nimeliona kwa macho, manne yote yalikuja kupitia skrini, na kwenye mawili nilikaa kabisa nikashindwa kukumbuka niliyapata wapi, nilikuwa nayajua tu kama ninavyojua jina langu.

Usijilaumu. Walter Lippmann, mwandishi wa habari wa Marekani, alishalieleza mwaka 1922: dunia ni kubwa mno kuijua moja kwa moja, kwa hiyo kila mtu anatembea na picha zake kichwani na anatenda kwa kufuata zile picha. Hakuna atakayeenda kukagua kila hospitali na kila mpaka wa nchi. Shida ni pale unaposahau kwamba hii ni picha na kuna mtu aliyeshika kamera, akaamua aielekeze huku na sio kule.

Sasa ongeza safu nyingine. Kwa kila tatizo andika msimamo wako kwa sentensi moja, halafu kisia ni watu wangapi kati ya 100 wanakubaliana na wewe. Weka namba kabisa, usiandike "wengi". Tutaihitaji mbele huko, kwa hiyo usiiruke.

Hatua ya pili: linganisha kilichowekwa mbele, kisha tafuta kilichokosekana

Siku ya pili, ya tatu na ya nne chagua vyombo vitatu visivyofanana, na kama unaweza visiwe vya mmiliki mmoja, maana kuna watu wanasoma magazeti matatu na yote yanatoka nyumba moja. Kila siku andika habari tano za kwanza za kila chombo, kwa mpangilio ule ule walioziweka. Usisome ndani, vichwa tu.

Kwa nini mpangilio? Mwaka 1968, wakati wa uchaguzi wa Marekani, Maxwell McCombs na Donald Shaw walikwenda mji wa Chapel Hill wakahoji wapiga kura 100 ambao walikuwa bado hawajaamua, wakawauliza ni mambo gani wanaona ni makubwa, halafu wakapima habari za vyombo ambavyo watu hao walikuwa wanavifuatilia. Orodha mbili zikakaribiana kiasi cha kutisha: jambo lililopewa nafasi kubwa kwenye habari ndo hilo hilo watu walisema ni kubwa. Angalia vizuri lakini, hawakusema gazeti lilimwambia mtu ampigie nani, hapana. Lilimwambia mjadala unahusu nini, na ukishaamuliwa mjadala unahusu nini, nusu ya kesi imeshakwisha. Mgombea anayesifika kwa mambo ya usalama anataka wiki nzima mzungumzie usalama tu, hata mkimpinga.

Ukimaliza siku tatu chukua ile orodha yako ya siku ya kwanza uweke pembeni na hizi za vyombo. Zinafanana kiasi gani? Usinijibu mimi.

Sehemu ngumu ni kuona ambacho hakipo, maana utaonaje kitu ambacho hakijaandikwa. Mimi natumia njia mbili. Ya kwanza, ongea na mtu anayefanya kazi ya mikono yake karibu na maisha ya watu, nesi, mwalimu, dereva, mkulima, umuulize kwenye kazi yako mwaka huu kitu gani kimekuwa kibaya zaidi au kizuri zaidi kuliko zamani, halafu urudi uangalie kama jibu lake limewahi kuingia hata mara moja kwenye vile vichwa 45 ulivyonakili. Ya pili, jiulize ni nini kinabadilika polepole. Habari inahitaji siku ya kutokea, ajali ina siku, kifo kina siku, hotuba ina siku, lakini udongo kuchoka, watoto kupungua vifo, mto kukauka taratibu, hivyo havina siku ya kutokea kwa hiyo havina ukurasa wa mbele, na hapo hakuna mtu mwenye njama, ni umbo tu la kazi yenyewe.

Matokeo yake mojawapo ni hofu. Marekani uhalifu wa kutumia nguvu ulipungua sana kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini kwenye kura za maoni za kampuni ya Gallup, karibu kila mwaka walipouliza, zaidi ya nusu ya watu walijibu kwamba uhalifu nchini umeongezeka kuliko mwaka uliopita. Mtafiti George Gerbner alikuwa ameshaanza kulisema hili tangu miaka ya 1970, kwamba anayekaa sana mbele ya TV anaiona dunia ni katili kuliko ilivyo. Hajadanganywa na habari hata moja, kila mauaji aliyoonyeshwa yalitokea kweli, ila hajawahi kuonyeshwa mamilioni ya watu waliofika nyumbani salama.

Hatua ya tatu: piga mstari vitenzi

Hii ndo naipenda kuliko zote, na ukiijua utasumbua watu, hutasoma tena habari kwa amani. Siku ya tano chukua habari moja ndefu kidogo, ikiwezekana ya mgogoro, piga mstari chini ya kila kitenzi, na kwa kila kitenzi uliza: nani kafanya?

Kiswahili chetu ni kitamu sana kwa kumficha mtendaji. "Bei zimepanda." Zimepanda zenyewe, zimeshika ngazi? Ukiandika "wauzaji wamepandisha bei" au "kodi mpya imepandisha bei" tayari kuna mtu wa kuulizwa, na kitenzi kimeongezeka silabi moja tu. "Vurugu zimezuka." Zimezuka kama uyoga baada ya mvua, hakuna aliyeanza. "Watu watatu wamepoteza maisha", wamefariki, wameuawa, wamepigwa risasi, askari wamewapiga risasi: tukio linaweza kuwa ni hilo hilo moja, lakini kila ukisogea hatua moja lawama nayo inasogea. Simaanishi aliyeandika "wamepoteza maisha" ni mwongo, huenda hajui bado aliyepiga ni nani na ni uungwana kusubiri, ila wewe msomaji inabidi uone kwamba pale pana shimo, na uangalie kama kesho yake litazibwa au ndo imetoka hiyo.

Kisha kuna familia ya "inadaiwa". Inadaiwa, inasemekana, imeelezwa, imebainika, wadau wanasema, vyanzo vya kuaminika. Hazina uzito sawa. "Inadaiwa" angalau inakiri kwamba ni madai. "Imebainika" inajifanya uchunguzi umekwisha, wakati mara nyingi ukishuka aya ya nne unakuta aliyebaini ni mtu mmoja kwenye kikao na waandishi. Na "wadau" jamani, wadau ni nani? Mimi kila nikiona wadau naandika pembeni "majina?" na mara nyingi pembeni panabaki hivyo hivyo.

Angalia pia vitenzi vya kusema. Mtu mmoja "amesema", mwingine "amedai", mwingine "amekiri", mwingine "amefichua". Aliyekiri ameshahukumiwa na neno lenyewe maana anayekiri ni mwenye kosa. Aliyefichua tayari anasema kweli, maana haiwezekani kufichua kitu ambacho hakipo. Ukiona upande mmoja kwenye habari nzima unasema na kufafanua na upande wa pili unadai na kulalamika, umeshaujua msimamo wa aliyeandika hata kama hajautaja popote. Majina ya watu nayo: wananchi, wananchi wenye hasira, waandamanaji, vijana, wahuni. Kundi ni lile lile, barabara ni ile ile.

Zoezi lenyewe sasa: andika upya kichwa cha habari mara mbili, kimoja kimfurahishe upande A na kingine upande B, bila kuongeza wala kupunguza ukweli wowote. Ukishindwa kufanya cha pili ujue uko ndani ya upande mmoja kiasi kwamba huoni lugha nyingine inawezekana. Mimi nilishindwa kwenye habari ya mgomo, nikakaa karibu saa nzima, vichwa vyote vilivyonijia vilikuwa vinaanza na "usumbufu".

Na hili sio mchezo wa wasomi tu. Rwanda redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, ikawa inachekesha, inapiga muziki mzuri, watangazaji wana utani, na katikati ya utani huo Watutsi wanaitwa inyenzi, yaani mende. Ukishazoea kusikia jirani yako ni mende miezi na miezi, sentensi inayofuata haishtui tena. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, Hassan Ngeze. Hakuna aliyesimama pale kwa kushika panga kwa mkono wake, kiini cha kesi kilikuwa maneno na mipango.

Hatua ya nne: namba, kabla hujaogopa

Haichukui muda. Ukikutana na "mara mbili" au "asilimia 100" uliza: mara mbili ya ngapi?

Oktoba 1995 Uingereza mamlaka za dawa zilitoa tahadhari kwamba vidonge vipya vya kuzuia mimba vinaongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda, habari ikaruka kila mahali, wanawake wengi wakaacha vidonge. Hatari yenyewe ilikuwa imetoka kwa mwanamke 1 katika 7,000 ikawa 2 katika 7,000. Mwaka uliofuata ilikadiriwa England na Wales kulikuwa na utoaji mimba takriban 13,000 zaidi, na ujauzito wenyewe una hatari ya damu kuganda kubwa kuliko ile ya kidonge. Kila gazeti liliandika kweli. Mara mbili ni kweli.

Na hata namba ikiwa kamili inategemea umeigeuza upande gani. Amos Tversky na Daniel Kahneman mwaka 1981 waliwapa watu swali la ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Wa kwanza waliambiwa mpango huu utaokoa 200 kwa uhakika, ule mwingine ni bahati nasibu, asilimia 72 wakachagua uhakika. Kundi lingine likaambiwa kwa mpango huu watakufa 400, hesabu ile ile kabisa, na sasa asilimia 78 wakaukimbia wakaenda kwenye bahati nasibu. Kwa hiyo ukiona "asilimia 20 wamefeli" jisomee kimoyomoyo "asilimia 80 wamefaulu" uone kama hasira yako imebaki pale pale.

Hatua ya tano: mdomo ni wa nani

Rudi kwenye habari yako ya siku ya tano, hesabu watu waliopewa nafasi ya kuongea kwa majina yao, na kila mmoja umuandikie anapata nini habari hii ikiaminika. Ukikuta wote wanne ni viongozi na mada ni maisha ya watu wa kawaida, umepata jibu. Ukikuta aya nzima ya chombo kimoja iko neno kwa neno kwenye chombo kingine, hiyo sio habari iliyoandikwa, ni taarifa ya ofisi fulani imebandikwa, na utashangaa inavyotokea mara nyingi.

Mfano wa juu kabisa ni Oktoba 1990, binti wa miaka 15 kutoka Kuwait alisimama mbele ya kikundi cha wabunge wa Marekani akilia, akasimulia alivyoona askari wa Iraq wakiwatoa watoto wachanga kwenye mashine za kuwatunzia joto hospitalini wakawaacha sakafuni wafe. Runinga zikarusha, wanasiasa wakairudia tena na tena, vita ikaanza Januari 1991. Mwaka uliofuata ndo ikajulikana hadharani kwamba alikuwa binti wa balozi wa Kuwait nchini Marekani, na ushahidi wake uliandaliwa kwenye kampeni ya kampuni ya mahusiano ya umma ya Hill & Knowlton, na wachunguzi waliokwenda baadaye hawakupata uthibitisho wa kile alichosimulia. Swali "huyu ni nani" lilikuwepo tangu siku ya kwanza ila machozi yalilifunika.

Kwa tovuti usiyoijua, usikae kuichunguza yenyewe, muundo mzuri, nembo, ukurasa wa "kuhusu sisi", hivyo vyote mtu anatengeneza kwa siku moja. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford mwaka 2017 waliwaweka wanahistoria 10, wanafunzi 25 na wahakiki wa habari 10 mbele ya tovuti, na walioshinda ni wahakiki, kwa sababu walikuwa wanatoka haraka, wanafungua kurasa nyingine na kuuliza wengine wanasema nini kuhusu hawa. Wanahistoria mara nyingi walibaki ndani wakisoma kwa makini wakadanganyika. Umakini sio dawa ya kila kitu.

Hatua ya sita: "watu wanasema"

Siku ya sita. Sasa toa ile safu ya namba, kati ya 100 wangapi wako na wewe. Hizo namba ulizipata wapi? Kama wewe ni kama mimi, ulizipata kwenye komenti, kwenye magrupu, kwenye vipindi vya kupiga simu redioni, na kwenye kile kipande cha habari ambapo mtangazaji anaweka kipaza sauti mbele ya watu watatu barabarani halafu anasema "hayo ndo maoni ya wananchi".

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura takriban milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, hesabu kubwa mno kuliko kura za maoni za kawaida za leo, likatangaza Alf Landon anamshinda Franklin Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina walikuwa wameyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa umaskini mkubwa, na waliojisumbua kurudisha karatasi ni wale wenye hamu. George Gallup akiwa na watu wachache mno kuliko hao alipatia mshindi kwa sababu alijali ni watu gani, sio wangapi. Komenti 3,000 chini ya video ni Literary Digest ndogo: waliokuwepo, waliokasirika, na wenye bando.

Lakini sasa kuna kitu kibaya zaidi ya kukosea hesabu. Elisabeth Noelle-Neumann, mtafiti wa Ujerumani, mwaka 1974 alikuja na hoja kwamba watu huwa wanapima hewa, wakihisi msimamo wao una wachache wananyamaza kwa kuogopa kutengwa, na wakinyamaza wale wa upande wa pili wanasikika zaidi, na wakisikika zaidi walionyamaza wanazidi kunyamaza. Kipimo chake nakipenda: alikuwa anamwambia mtu fikiria uko kwenye treni, safari ya masaa matano, ndani ya behewa kuna abiria anaanza kusema kinyume na msimamo wako, utaongea naye au utanyamaza? Jifanyie. Pitia ile misimamo yako mitano, kila mmoja uweke kwenye hiyo treni. Pale unapoandika "ningenyamaza" jiulize ni kwa sababu huna uhakika na hoja, au kwa sababu unadhani behewa zima liko upande wake? Kama ni la pili, nani alikuhesabia behewa?

Halafu fanya jaribio, na hili ndo lenye matunda kuliko yote: chukua msimamo mmoja ulioandika "ningenyamaza", uwaulize watu watano mmoja mmoja, ana kwa ana, pasiwe na hadhira, na usianze kusema wako. Kwenye grupu la familia yetu kulikuwa na jambo fulani ambalo kila mtu alikuwa analishangilia, mimi nikawa naweka kidole gumba na kupita. Nilipowauliza pembeni, watatu kati ya watano walikuwa nao wanaweka kidole gumba na kupita.

Vyombo vya habari vinaingia hapa kwa sababu ndo kipima hewa chetu kikubwa. Na usisahau walio katikati: Paul Lazarsfeld na wenzake walipofuatilia wapiga kura wa Erie County, Ohio, mwaka 1940, walitegemea kukuta redio na magazeti yanawageuza watu, wakakuta watu wanataja zaidi watu wenzao kuliko redio na magazeti. Habari zinawafikia wachache wanaofuatilia sana, na hao ndo wanawatafsiria wengine. Leo huyo ni admini wa grupu, au yule mjomba mwenye sauti. Angalia kama sio wewe.

Hatua ya saba: kabla ya kushea

Fupi tu. Mwaka 2018 Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walichapisha uchambuzi wa habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017: za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko za kweli, na ukweli ulichukua muda kama mara sita kufikia watu 1,500. Roboti hazikuwa ndo sababu, ni binadamu, kwa sababu uongo una upya na unashtua. Kwa hiyo kipimo changu ni mwili: nikiona kidole kinakimbilia kushea kabla sijamaliza kusoma, nasubiri dakika kumi. Picha naitafuta kwanza ilishawahi kutokea wapi, maana picha ya mafuriko ya miaka saba iliyopita nilishawahi kuitupia watu nikiwa na uchungu wa kweli kabisa.

Na usishee ili kukanusha huku umenakili uongo wote kwa herufi kubwa. Tangu majaribio ya Hasher, Goldstein na Toppino mwaka 1977 inajulikana kwamba sentensi ikirudiwa inaanza kuonekana ya kweli, na utafiti wa baadaye umeonyesha hata ukiwa unajua jibu sahihi haikukingi kabisa. Anza na ukweli, uongo utaje mara moja tu, basi.

Tahadhari ya katikati ya njia

Ukifika hapa kuna hatari ya kuruka upande wa pili ukaanza kuona kila kitu ni propaganda na watu wote ni kondoo. Tulia. Oktoba 30, 1938, Orson Welles alirusha mchezo wa redio kuhusu viumbe wa sayari ya Mars kuvamia Marekani, na hadi leo tunasimuliwa nchi nzima ilitoka mbio barabarani. Kura ya wasikilizaji iliyopigwa usiku ule ule ilionyesha asilimia 2 tu walikuwa wanausikiliza. Waliokuza stori ni magazeti, ambayo yalikuwa yananyang'anywa matangazo ya biashara na redio na yalikuwa na kila sababu ya kuonyesha redio ni kitu hatari. Yaani hata stori maarufu kuliko zote ya nguvu ya vyombo vya habari ilipikwa na vyombo vya habari.

Nguvu halisi mara nyingi ni ndogo na ya kudumu. Stefano DellaVigna na Ethan Kaplan walilinganisha miji ya Marekani iliyopata chaneli ya Fox News mapema na ile ambayo ilikuwa haijaipata, wakakuta chaneli ile iliongeza kura za chama cha Republican kwa kati ya asilimia 0.4 na 0.7 kufikia uchaguzi wa 2000. Unaweza kusema mbona kidogo. Florida mwaka ule iliamuliwa kwa kura 537.

Siku ya saba na baada yake

Asubuhi andika upya matatizo matano bila kuchungulia ukurasa wa kwanza, kisha linganisha. Kilichopanda, rudi kwenye orodha za vichwa uone kama kilipanda huko kwanza. Kilichotoka kabisa kwenye orodha, uliza kimetatuliwa au kimeacha kutangazwa tu. Zile namba za kati ya 100 nazo zirekebishe kwa uliyoyasikia kwa wale watu watano.

Mwisho, chagua habari moja iliyotikisa wiki hii, ile ambayo kila mtu alikuwa nayo mdomoni, andika maswali matatu ambayo bado hayajajibiwa: nani alifanya, nani atawajibika, fedha zilikwenda wapi, chochote kile. Weka alamu kwenye simu ya miezi mitatu ijayo. Ikilia, tafuta majibu, ukikosa andika tarehe na neno "hakuna" kwenye ukurasa ule ule, uweke alamu nyingine.